Times New Roman bado ina kazi Kachibora

Kuna watu wakiona Times New Roman kwenye karatasi wanacheka. Eti ni fonti ya mtu ambaye hakuchagua fonti. Ni kweli Word ilikuwa ikiiweka yenyewe, mpaka toleo la 2007 lilipoleta Calibri. Lakini mimi ni mwandishi wa programu, na kabla ya kucheka napenda kufungua faili nione kilichomo.

Ndani ya faili ya fonti kila herufi imepewa upana wake kwa tarakimu. Herufi a ya Times ina 909. Ya Arial ina 1139. Yaani a ya Times ni nyembamba kwa asilimia 20! Sasa hesabu a zilizomo katika sentensi yoyote ya Kiswahili. Neno "tumekubaliana" kwa saizi 12 linakula pointi 71 hivi katika Times, 78 katika Arial, na karibu 94 katika Courier. (Ukiandika "kijiji" mambo yanageuka, maana i ya Times ni pana kuliko ya Arial. Lakini nani anaandika kijiji tupu?)

Hapa Kachibora jambo hili ni la pesa. Kumbukumbu za chama, notisi ya ushirika, kijitabu cha mazishi: mistari mitatu ikizidi, unalipia ukurasa mwingine, mara nakala mia moja.

Shida hiyohiyo ya nafasi ndiyo iliyoizaa fonti hii. Stanley Morison alisimamia, Victor Lardent akachora, na gazeti la The Times la London likaanza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Safu za gazeti ni nyembamba, kwa hiyo herufi zilibanwa ubavuni lakini zikaachiwa urefu wa kutosha, pamoja na serifu, vile vijikia vya kwenye ncha.

Kwa hiyo wanaoilaumu, kwa maoni yangu, wanalaumu mstari. Ukiitandaza saizi 10 kutoka ukingo hadi ukingo wa A4, herufi zinakuwa nyingi mno na msomaji anapotea akirudi kushoto. Gawanya ukurasa safu mbili uone. Mahali ambapo siitaki ni mtihani wa watoto unaotolewa fotokopi ya fotokopi. Mistari yake myembamba inafifia, na mtoto anabaki kubahatisha kama ni c au e.

Hata wakubwa wanaigombania. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliiacha mwaka 2023 ikachukua Calibri, kisha Desemba 2025 Waziri Marco Rubio akaamuru irudishwe. Siasa zao hizo, tuwaachie.

Kama tarakilishi yako ni ya Linux, tumia Liberation Serif. Ilitolewa 2007, ni ya bure, na upana wake unalingana na Times herufi kwa herufi. Ukurasa mmoja nyumbani utabaki ukurasa mmoja kwenye saiba.