FUNDI KIJIJINI: Tela Nyuma ya Gari Dogo



Siku hizi si ajabu kukuta gari dogo kijijini. Limenunuliwa likiwa limekwisha tumika, na mwenyewe ni mkulima. Mavuno yakifika, mwenye gari huanza kuwaza. Magunia ni mengi na gari lina nguvu. Fundi wa kuchomelea yuko pale sokoni. Kwa nini nisifunge tela?

Inawezekana. Kazi ya kufunga kiungo cha kuvutia tela unaweza kuifanya wewe na mwenzako kwa siku moja. Lakini kwanza nikueleze nilichokiona.

Siku moja nilikuwa kando ya barabara, mahali penye mteremko. Gari dogo lilikuwa linashuka na tela lenye magunia matano ya mahindi. Kiungo kilikuwa kimechomelewa kwenye bampa. Gari lilipokanyaga shimo, bampa iling'oka yote. Gari likaenda zake. Tela likashuka peke yake, likavuka barabara, likaishia katika shamba la mihogo. Dakika chache kabla ya hapo, watoto wa shule walikuwa wamepita palepale. Dereva alishuka akaketi chini. Hakuokota hata gunia moja.

Kwa hiyo tuanze na uzito, ndipo tuingie chini ya gari.

HESABU YA MAGUNIA

Tafuta kitabu cha gari lako. Kinaeleza gari linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Magari mengine madogo hayakuundwa kuvuta kitu chochote. Kama lako ni hilo, liache. Kodi mkokoteni.

Uingereza wana kipimo kizuri cha tela lisilo na breki. Tela pamoja na mzigo wake lisizidi nusu ya uzito wa gari, wala lisizidi kilo 750. Kama kitabu kinataja kilo chache zaidi, fuata kitabu.

Tupige hesabu. Gari lina kilo 900. Nusu yake ni kilo 450. Tela tupu lina kilo 150. Zinabaki kilo 300. Gunia la mahindi likiwa na kilo 100, utapakia magunia matatu. Basi. Na nasema magunia, sisemi lumbesa. Lumbesa ipeleke kwenye mizani kwanza.

Utaniambia: "Mbona gari langu lilivuta sita?" Ndiyo, lilivuta. Kuvuta si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kusimama. Breki za gari dogo zilitengenezwa kusimamisha gari hilo na watu wake. Ukiwa mteremkoni, tela zito linakusukuma kwa nyuma.

CHINI YA GARI

Lori lina chesisi, yaani vyuma vinene vinavyobeba kila kitu. Magari mengi madogo hayana chesisi ya namna hiyo. Mwili wake ni bati lililokunjwa. Sehemu zenye nguvu kwa nyuma ni boriti mbili zinazopita chini ya sakafu ya buti, moja kulia na moja kushoto. Kiungo kishikwe na boriti hizo mbili. Bampa haina kazi hapa.

Ukiweza kupata kiungo kilichotengenezwa kiwandani kwa aina ya gari lako, nunua hicho. Matundu yake yatalingana na ya gari.

Egesha gari mahali tambarare. Weka mawe kwenye magurudumu. Ondoa waya wa hasi kwenye betri. Ukiinua gari kwa jeki, weka stendi au magogo imara chini yake kabla ya kuingia. Jeki ni ya kuinulia tu.

Sasa angalia boriti. Baadhi ya magari yana matundu ya kiwandani yaliyozibwa kwa vizibo. Tumia hayo. Kama ni lazima utoboe, tazama kwanza upande wa pili kuna nini. Hapo karibu kuna tangi la petroli, bomba la breki na nyaya. Ukimaliza kutoboa, paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu.

Hapa mafundi wengi hukosea. Boriti iko wazi ndani kama mwanzi. Ukipitisha bolti na kuikaza kwa nguvu, boriti inabonyea, na baada ya siku chache bolti inalegea. Dawa yake ni kukata kipande cha bomba la chuma, chenye urefu sawa na nafasi ya ndani, na kukitia ndani ya boriti ili bolti ipite katikati yake. Kisha weka bamba la chuma la milimita 5 upande wa pili wa bati. Washa ndogo peke yake huchana bati.

Bolti ziwe na namba 8.8 kichwani. Zitie zote kwa mkono kwanza, ndipo uzikaze kwa zamu, huku na huku.

Usichomelee kiungo kwenye mwili wa gari. Bati jembamba huungua, hupoteza nguvu na kushika kutu. Na tangi la petroli nimekwisha kulitaja.

GOROLI, MNYORORO NA TAA

Tela hukaa juu ya goroli kubwa ya chuma. Ile inayotumika sana ina upana wa milimita 50. Pima goroli, pima na kikombe cha tela. Kuna goroli za milimita 48. Ukiiweka katika kikombe cha 50 utaona imekaa vizuri. Shimo la kwanza litaichomoa.

Funga minyororo miwili kutoka kwenye tela hadi kwenye chuma cha kiungo. Ipishane chini ya goroli. Tela likichomoka, litaangukia minyororo badala ya kuchimba barabara. Iwe mirefu kiasi cha kukuwezesha kupinda, lakini isiburuzike.

Taa za tela lazima ziwake. Katika plagi ya pini 7, waya wa njano huwa indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, na mweupe ni wa kurudisha umeme kwenye mwili wa gari. Lakini usiamini rangi tu. Huenda mwenye gari wa zamani alibadilisha. Mweke mwenzako nyuma, ujaribu taa moja moja.

KUPAKIA

Hapa wewe uliyeendesha mkokoteni wa maksai unajua kuliko dereva wa mjini. Mzigo ukikaa nyuma mno, mti wa mkokoteni huinuka na nira huwakaba ng'ombe. Ukikaa mbele mno, huwalemea shingoni. Tela ni vivyo hivyo. Mzigo wa nyuma huinua gari, na ukienda kasi tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Magunia yakae juu ya ekseli, yakisogea mbele kidogo. Kwa tela letu la kilo 450, pua yake ilale juu ya goroli kwa kilo 30 hivi. Unaweza kupima kwa mizani ya kijiji.

Safari ya kwanza nenda na tela tupu. Jaribu breki mahali tambarare. Kaza bolti tena baada ya kilomita 100. Usipakie watu kwenye tela. Kabla ya kuingia barabara kuu, waulize polisi wa usalama barabarani kuhusu namba na bima ya tela.

Na kila unaposimama njiani, shuka, kishike kiungo ukitikise. Kikicheza, hata kidogo, shusha magunia hapohapo.