Hewa Haivuti, Husukuma

Mwalimu mtarajiwa anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Musoma, Bunda au Butiama huchukua daftari la maandalio, chaki na kitabu cha sayansi. Somo la kanieneo la hewa linapofika, huandika ubaoni kwamba hewa ina uzito na hukandamiza kila kitu. Watoto hunakili, hukariri, kisha husahau. Maoni yangu ni kwamba somo hili lingeeleweka zaidi kama lingeanzia mwaloni, penye boti.

Nakiri kwanza kosa langu. Kwa miaka kadhaa nilifundisha kwamba pampu hunyonya maji. Siku moja mtoto aliniuliza, "Mwalimu, kama pampu hunyonya, mbona mtu mwenye nguvu nyingi hawezi kuyanyonya maji ya kisima kirefu?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta, nikaona kwamba nilikuwa nimefundisha neno badala ya jambo. Pampu ya namna hiyo huondoa hewa bombani tu. Kinachoyapandisha maji ni hewa ya nje inayoyakandamiza kisimani. Ziwa Viktoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hapa kwetu hewa hukandamiza kila mita moja ya mraba kwa uzito wa tani 9 hivi, sawa na safu ya maji yenye kimo cha mita 9. Kupita hapo, nguvu za mpigaji pampu hazisaidii kitu.

Sasa tutazame boti. Pamoja na mitumbwi ya mbao, ziwani zimo pia boti za faiba. Faiba ni vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoshikamanishwa kwa resini, yaani utomvu wa kiwandani unaotiwa dawa ili ugande. Jambo hili si geni kwa mtoto wa Mara. Ukuta wa fito na udongo una maana hiyohiyo: fito peke yake hupinda, udongo peke yake hupasuka, lakini vikiungana hupatikana kitu chenye sifa ambayo hakuna kimoja kilichokuwa nayo.

Mafundi wengi hupaka resini kwa brashi na rola. Lakini kwa vyombo vikubwa, kama mabodi ya boti na mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, viwanda vingi hutumia njia nyingine. Vitambaa hupangwa vikiwa vikavu ndani ya kalibu, hufunikwa kwa karatasi ya nailoni, na kingo zote huzibwa. Pampu huondoa hewa iliyomo, na hewa ya nje huibana nailoni juu ya vitambaa. Mrija wa resini unapofunguliwa, hewa inayoikandamiza resini ndooni huisukuma hadi ienee kila mahali. Eneo la mita 10 za mraba hubanwa kwa uzito unaokaribia tani 90, bila jeki wala nyundo. Mapovu hupungua, resini hutumika kidogo, na fundi havuti mvuke mwingi wenye madhara. Lakini tundu dogo kama la sindano laweza kuharibu kazi nzima, kwa kuwa resini ikishaganda hairudi nyuma.

Darasani hatuhitaji resini, wala tusithubutu kuileta, maana ina madhara. Twahitaji kipande cha kitambaa cha pamba, mfuko mwembamba wa nailoni, mirija miwili, utepe wa gundi, bomba jipya la sindano lisilo na sindano, na maji yaliyotiwa wino. Weka kitambaa mfukoni, kamua hewa kwa mkono, ziba kingo zote. Mrija mmoja uingie kwenye bomba, wa pili kwenye chombo cha maji kilicho wazi. Kabla ya kuvuta, waulize watoto watabiri. Kisha mmoja wao avute: mfuko utabana, na wino utatembea ndani ya kitambaa.

Watasema bomba limenyonya. Usiwakatalie, wape jaribio la pili. Jaza chupa ya kioo maji ya wino mpaka juu, pitisha mrija mdomoni mwake, na uzibe kwa nta pasibaki upenyo. Vuta tena. Safari hii maji hayatakwenda, ingawa mkono ni uleule na bomba ni lilelile. Toboa nta, hewa iingie, nayo maji yatakwenda. Hapo mtoto ataona kwa macho yake ni nani afanyaye kazi. Tamko la ubaoni na lije baada ya hapo, kwa maneno ya watoto wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba ufundi wa kiwandani hauna nafasi katika shule ya msingi. Mimi simfundishi mtoto kuunda boti. Namfundisha kuuliza kazi inafanywa na nini. Wengine watasema vifaa ni haba na darasa lina watoto wengi. Ni kweli, basi vikundi vipokezane, na wanaosubiri wachore wanachotabiri.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu, alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya jamii yake. Jamii yetu ya ziwani inabadili vyombo vyake. Mtoto aliyekariri atakuwa mtu wa kuambiwa shika hapa, vuta pale. Aliyeelewa ataweza kulitafuta tundu kabla resini haijaganda. Tofauti hiyo huanzia katika dakika chache za kipindi chako, ndugu mwalimu mtarajiwa, unapoamua kama utaanza na chaki au na swali.