Kizuri Chajiuza? Neno kwa Walimu Wenzetu



Hakuna darasa la methali lipitalo bila ya kuandikwa ubaoni: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wanafunzi huinakili, huifafanua katika mtihani, wakapewa alama zao. Kisha humaliza shule, na hapo ndipo tuyaonapo madhara. Leo tunathubutu kusema wazi kwamba methali hii, kwa namna tunavyoifundisha, inawanyima vijana wetu kazi. Na lawama ni yetu sisi walimu wa lugha kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Tueleze kisa. Hivi karibuni alitujia kijana tuliyepata kumfundisha, mkononi ana bahasha ya kaki iliyokwisha kulegea pembe kwa kuzungushwa katika ofisi za Kigali. Alituomba tumsahihishie barua. Ilianza hivi: "Mimi niliye mnyonge, naja mbele yako kwa unyenyekevu mkubwa kuomba kazi yoyote ile." Sarufi yake haikuwa na kasoro, upatanisho wa ngeli ulikuwa sahihi tangu mwanzo hata mwisho. Tulipomhoji, tuligundua kwamba kwa miaka miwili alikuwa akimsaidia mjomba wake katika ghala: akipokea malori yatokayo Dar es Salaam, akihesabu mizigo, akisuluhisha madereva na wenye mali, na yote hayo kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza. Katika barua hamkuwa na hata neno moja la hayo. "Mbona hukuandika?" tukamwuliza. Akajibu kwa heshima: "Mwalimu, si ninyi mliotufundisha kwamba kizuri chajiuza? Kujisifu si adabu."

Hatukuwa na jibu.

Wako watakaosema kwamba tunamwonea mwalimu bure, maana ugonjwa wenyewe ni uhaba wa kazi. Hatukatai. Serikali yenyewe, katika mpango wake wa maendeleo wa mwaka 2024 hadi 2029, imejiwekea shabaha ya nafasi mpya 250,000 kila mwaka, na shabaha ya namna hiyo haiwekwi mahali ambapo kazi zimejaa tele. Barua nzuri haizai nafasi isiyokuwapo. Lakini pale nafasi moja inapogombewa na watu wengi, afaaye akinyamaza humwachia asiyefaa ajuaye kusema. Hilo si suala la uchumi peke yake. Ni suala la lugha, na lugha ndiyo kazi yetu.

Wengine hudai kwamba kazi hupatikana kwa kujuana tu, basi barua ya nini? Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa. Upendeleo ni dhuluma na tuupige vita. Kuulizana habari si dhuluma. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alionyesha kwamba watu wengi aliowachunguza, waliopata kazi kwa kupashwa habari na mtu, hawakupashwa na ndugu wala rafiki wa karibu, bali na watu waliokutana nao mara chache. Sababu yake ni wazi: aliye karibu nawe anajua yale yale unayoyajua, aliye mbali hutoka na habari nyingine. Basi dereva apitaye Rusumo, karani wa ghala la Masaka, mkata tiketi wa Nyabugogo, wote hao ni milango. Kijana akiwauliza, "Kwenu huhitajika watu wa namna gani, na hutakiwa wajue nini?" hajaomba rushwa. Amefanya utafiti.

Nasi pia, tuliokitetea Kiswahili, tuna dhambi yetu. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007; Soko la Pamoja likaanza Julai 2010; mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi nchini pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tukashangilia, na baadhi yetu tukawaambia wanafunzi kwamba sasa Kiswahili ni ajira. Tuliwadanganya. Hakuna mwajiri amlipaye mtu kwa sababu anajua Kiswahili, mamilioni wanakijua. Hulipwa kazi ifanywayo kwa Kiswahili: mzigo uliosafiri kilomita zipatazo 1,500 kutoka Dar es Salaam ukafika na hati zake zote, mteja wa Bukavu aliyeelewa bei, mgeni wa Mombasa aliyehudumiwa hotelini bila ya mkalimani. Lugha na ujuzi vikiachana, vyote viwili hulala na njaa.

Tufanye nini basi? Kwanza, barua ya kuomba kazi ifundishwe kwa uzito ule ule tunaoupa ngeli. Ianze na haja ya mwajiri, si dhiki ya mwombaji. Itaje kazi moja kwa jina lake, maana aombaye "kazi yoyote" hajaomba kazi. Na kila ujuzi utajwe pamoja na tendo linaouthibitisha. Barua moja isinakiliwe kwa ofisi ishirini. Pili, usaili uigizwe darasani. Nafasi za utumishi wa umma siku hizi huombwa kwa mtandao, kisha huja mtihani wa kuandika na maswali ya ana kwa ana. Ni aibu mwanafunzi wetu kujieleza kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya wasaili. Tatu, kila mwanafunzi aandike orodha ya mambo aliyoyatenda, hata kama ni shambani au dukani kwa mamaye. Wengi watashangaa kuona wanayo.

Na adabu je? Adabu ibaki. Kujisifu ni kudai usichonacho. Kujieleza ni kutosheleza haki ya anayekuuliza. Nenda soko la Kimironko ukamtazame muuza nyanya. Hazifuniki kikapuni akangoja zijiuze. Huzifuta vumbi, huzipanga mafungu, zilizoiva akazitanguliza mbele, na mteja akipita humwita. Hakuna amwitaye mtovu wa adabu.

Kijana wetu aliiandika upya barua yake, safari hii akianza na malori. Jibu hajalipata bado, wala hatumwahidi mtu miujiza. Ila kwa mara ya kwanza barua ile ilimhusu yeye.

Muhula ujao, tutakapoiandika methali ile ubaoni, tuandike na swali chini yake: hicho kizuri, ni nani aliyekipeleka sokoni? Mwenzetu mwenye hoja ya kutupinga na ailete katika kurasa hizi. Tutaisoma.