Wasomaji wa Pwani, Mbona Kimya?

Mwandishi wa ukurasa wa utamaduni ni kama mtu aliyepita penye baraza akatoa salamu. Salamu hiyo huwafikia wengi, na najua hata huko Pwani wako wanaoisikia, kwani gazeti moja huanza asubuhi kwa muuza kahawa, likaenda kwa kinyozi, likaingia dukani, na jioni likarudi limechakaa kwa kupita mikono. Lakini jawabu haliji. Barua nyingi ninazoziona magazetini kuhusu mambo ya Pwani huandikwa na watu wa mbali, na wenye mambo yao wamekaa kimya.

Sisi tuliopita chuoni tumefundishwa tangu utotoni kwamba kuanza salamu ni sunna, bali kuitikia ni faradhi. Suratun Nisaa, katika aya ya 86, yatuamrisha tuitikie kwa maamkizi yaliyo bora zaidi, au angalau turudishe kama yale tuliyoamkiwa. Tena maalimu zetu walitueleza kwamba wakisalimiwa jamaa, akiitikia mmoja wao yatosha. Wakinyamaza wote, dhima huwa ni ya wote. Sisemi kwamba kuliandikia gazeti ni faradhi, Mungu aniepushe na kujifanya mufti. Nasema tu kwamba sisi wasomaji tumekuwa vivyo hivyo: kila mmoja hudhani kwamba mwenziwe amekwisha itikia.

Nitatoa mfano. Siku moja mwandishi mmoja, ambaye sitamtaja wala gazeti lake silitaji, aliandika makala juu ya mnazi, na humo akasema kwamba koroma ni nazi iliyoharibika. Barazani kwetu palichekwa wiki nzima. Mzee mmoja, mgema wa zamani, alituhesabia kwa vidole: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi; akatueleza ni lipi lina maji matamu na lipi nyama yake imeanza kushika, na kwa nini koroma halifai kunywewa wala halijafaa kukunwa, ila si bovu hata kidogo. Ilikuwa darsa nzuri kuliko ile makala. Nikamwambia, “Mzee, haya uliyosema yaandike, au niambie nikuandikie.” Akanijibu, “Ah, mwanangu, waache. Hao hawajui.”

Waache! Neno hili ndilo linalotuua. Maana kile kicheko kilibaki pale pale barazani, na vikombe vya kahawa vilipokusanywa kikaisha. Lakini ile makala haikuisha. Imechapwa, imewekwa maktabani, na mwanafunzi wa Nyeri au wa Busia atakayetaka kujua maana ya koroma ataikuta, ataiamini, na pengine ataiandika katika mtihani. Miaka hamsini ijayo mjukuu wa yule mzee ataambiwa na kitabu kwamba koroma ni nazi mbovu, naye hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Tutamlaumu nani? Mwandishi wa bara alifanya alivyoweza. Alikosa mtu wa kumrekebisha, na watu hao walikuwapo, tena walikuwa wakicheka.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi si watu wa kunyamaza. Mwanzoni mwa karne ya 19, siku za vita vya Kuduhu, Mombasa na Lamu zilipigana kwa mashairi kama zilivyopigana kwa silaha. Shairi likitoka upande huu, jawabu hutoka upande wa pili. Huku alikuwako Muyaka bin Haji na kule akiwako Bwana Zahidi Mngumi, na kila mmoja akijua kwamba asipojibu ataonekana ameshindwa yeye na mji wake. Mashairi hayo ya kujibizana yamekusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1995, na mtu akiyasoma ataona mara moja kwamba shairi moja peke yake halieleweki vyema bila ya lile lililolijibu.

Huyu Muyaka mwenyewe tungemjuaje leo kama si watu waliosikia kisha wakajishughulisha? Alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vichwani mwa watu miaka mingi, hata Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alipozikumbuka na kuzikusanya pamoja na maelezo yake, akampa Mwingereza W. E. Taylor. Zikapigwa chapa mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mwenyewe kuzikwa. Leo atakaye kuziona zile karatasi za asili sharti aende London. Haya, tumshukuru Mwalimu Sikujua, kwani lau naye angalisema “waache”, tusingekuwa hata na hicho cha kukifuata London.

Wala si mambo ya kale tu. Katika miaka ya 1974 na 1975, wakati wa mashindano ya kiti cha ubunge huko Lamu, washairi walijibizana kwa tungo zilizonaswa katika kaseti, na kaseti hizo zikasikizwa majumbani na mabarazani. Tungo hizo ndizo zinazojulikana kwa jina la Kimondo, na wataalamu wamezifanyia utafiti na kuziandikia vitabu. Hakuna aliyesema, “Mimi si mshairi wa kujibu.” Walijibu kwa sababu jambo lilikuwa lao.

Na magazeti je? Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza na karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, kisha mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliandika juu ya elimu, juu ya kuiga Wazungu ovyo, na juu ya mambo aliyoyaona kuwa ni uzushi katika dini. Si wote waliokubaliana naye. Lakini yeye hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake, wala mitambo, wala magari ya kusambaza. Alikuwa na kalamu na jambo la kusema. Sisi leo tuna vyote hivyo, na simu mifukoni, na bado twashindwa kuandika mistari kumi.

Yako malalamiko ambayo nimeyasikia tangu utoto wangu hata leo: kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanywa papa hapa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita na Kiamu, lugha zilizobeba tenzi zetu kubwa, zikawekwa kando. Malalamiko haya yana haki. Hata hivyo nauliza: katika karibu miaka mia moja ya kulalamika, ni wangapi waliochukua kalamu? Wako, na majina yao twayajua. Marehemu Shihabuddin Chiraghdin aliandika pamoja na Mathias Mnyampala Historia ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1977. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu alitunga Sambo ya Kiwandeo, akahifadhi humo maneno ya kuunda jahazi, na akatunga Umbuji wa Mnazi, akahifadhi mambo ya mnazi wenyewe tuliokuwa tukiuzungumza. Yeye pia ndiye anayetajwa kuwa ndiye aliyetupatia neno runinga. Lakini watu wa namna hiyo ni wa kuhesabika, na Nabhany alifariki mwaka 2017. Je, tutawategemea marehemu mpaka lini?

Nimewauliza wengi sababu ya kutoandika. Wa kwanza husema, “Mimi sikusoma.” Huyu humdhania mhariri kuwa ni mwalimu wa shule mwenye kalamu nyekundu. Kwani yule mgema alisoma wapi? Anachokijua yeye hakifundishwi Chuo Kikuu. Wa pili husema kwamba si adabu kumsahihisha mtu hadharani. Hii ni hoja nzito kidogo, kwani sisi ni watu wa heshima, na yuko mtu ambaye kwake kukosoa ni kutukana. Lakini tazameni mnavyosali. Imamu akisahau katika sala, maamuma aliye nyuma yake husema “Subhanallah”, na imamu akikwama katika kisomo, aliyehifadhi humfungulia aya. Hakuna anayesema kwamba maamuma amekosa adabu. Bali angenyamaza ilhali anajua, na safu nzima ikamfuata imamu katika kosa, hapo ndipo tungemuuliza. Na tazameni namna anavyofanya: hamshiki imamu kanzu, hamtukani, hatoi hotuba. Husema neno moja, kwa wakati wake, na sala ikaendelea.

Wa tatu husema kwamba wahariri hawachapishi barua za watu wa kawaida, au huzichapisha baada ya kuzikatakata. Hapa nasimama upande wa msomaji. Ni kweli kwamba barua huja na “mato” ikatoka na “macho”, ikaja na “kitwa” ikatoka na “kichwa”, na “mtele” ukageuzwa “mchele”, kana kwamba aliyeandika hajui Kiswahili, naye huenda nyumba yao ilikuwa ikitunga tenzi kabla ya kuwako kwa sanifu. Mhariri akitaka watu wa Pwani wamwandikie, na azoee kusoma lugha yao. Palipo na neno gumu na aweke maana yake, lakini asiling’oe. Hata hivyo dawa ya mhariri wa namna hii ni barua nyingi zaidi. Barua moja yenye “mato” huonekana ni kosa. Zikija arobaini, atajua kwamba huko ndiko wanakosema hivyo.

Kuhusu kina mama, nasikia ikisemwa kwamba mambo ya magazeti si yao. Anayesema hivyo na anieleze Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi yapata mwaka 1858, utenzi ambao mpaka leo wasomwa, alikuwa akifanya nini. Tena mwanamke wa Mombasa hajashindwa kujibu hata siku moja. Jirani akipita na leso yenye neno, naye hushuka Biashara Street akatafuta leso yenye neno la kumjibu, akajifunga akapita vile vile, na mtaa mzima ukaelewa. Nani aliye hodari wa majibu kuliko hao? Wao ndio wajuao majina ya mapishi, ya manukato, ya mambo ya harusi siku kwa siku, na ndio ambao barua zao ni adimu kupita zote.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi watu wazungumza katika simu. Ni kweli. Katika vikundi vya simu nimesikia sauti za wazee wakieleza mambo ambayo ningetamani kuyaona yamechapwa: habari za mitaa ya Mombasa ya zamani, nasaba, majina ya pepo za kusi na kaskazi na wakati wa kugeuka kwake. Baada ya siku mbili zile sauti zimefunikwa na picha za maua na dua za Ijumaa, na mwenye simu akizifuta ili apate nafasi, basi zimekwenda. Kama mtu ameweza kusema dakika tano katika simu, ameshaandika barua. Kilichobaki ni kumwambia kijana wa nyumbani ayaandike na kuyapeleka.

Na barua yenyewe haitaki mengi. Shika jambo moja tu katika makala uliyoisoma, ulikubali au ulikatae. Sema umelijuaje: umelisikia kwa bibi, umelifanya kwa mikono yako, au umelisoma katika kitabu gani. Ikiwa ni jambo la dini, taja kitabu na mlango, wala usifutu kwa kudhani. Taja mji wako, kwani neno la Siu laweza kuwa na maana nyingine Vanga, na zote mbili zikawa sawa. Usimguse mwandishi katika nafsi yake. Mguse katika aliloandika. Na usingoje mpaka ukasirike. Hasira ndizo zinazotuletea barua nyingi tunazozipata, na ndiyo maana wahariri hutuona watu wa Pwani kama watu wanaoandika wakati wa ugomvi tu. Barua isemayo “haya ni kweli, na kwetu tuliongeza hivi” ina faida kubwa, na sijui kwa nini twaionea haya.

Basi mimi nitaanza kwa kuwauliza. Yale majina matano ya yule mgema ni ya kwetu Mombasa. Nimeambiwa kwamba katika visiwa vya Lamu yako majina mengine katikati, na kwamba huko Vanga dafu huitwa kwa majina zaidi ya moja kwa kadiri ya nyama yake, lakini aliyeniambia hakuweza kuyataja. Wagema wa Faza, wa Kiunga, wa Malindi, wa Gazi na wa Vanga, na kina mama mnaokuna nazi kila siku, nileteeni majina hayo, kila mmoja na mji wake, na mnieleze hatua kwa hatua linakuwaje tangu kidaka mpaka linapoanguka lenyewe.