Usiku wa New York Barazani Kwetu

Wasomaji wetu watukufu, wiki hii twaomba idhini ya kuwarudisha nyuma, hadi usiku mmoja ambao hatukuushuhudia kwa macho, lakini tuliusikia mara nyingi mno hata ukawa kama wetu.

Ulikuwa usiku wa Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1981. Katika bustani ya Central Park, mjini New York, Paul Simon na Art Garfunkel walipanda jukwaani pamoja, ilhali walikuwa wametengana tangu mwaka 1970. Waliohudhuria walikadiriwa kuwa 500,000. Hakukuwa na kiingilio, na nia ilikuwa kuchangia ukarabati wa bustani hiyo, iliyokuwa imechakaa. Wawili hao walijuana tangu utotoni mtaani Queens, na mwaka 1957, wakiwa bado wanafunzi, walitoa wimbo wao wa kwanza.

Usiku huo ulitufikia Mombasa ndani ya kaseti. Tulikuwa marafiki watatu. Mmoja alileta redio, wa pili betri, nasi tukatoa baraza. Utepe ulipolegea tuliukaza kwa penseli. Mzee mmoja wa mtaani, aliyezoea udi na fidla, hakufahamu hata neno moja, lakini alisikiliza hadi kahawa yake ikapoa, kisha akasema: “Hawa wamenyonya ziwa moja.”

Miongoni mwa nyimbo za usiku huo ulikuwamo “Old Friends”, uliotoka mwaka 1968, unaowasawiri wazee wawili wa miaka 70 wameketi pamoja bustanini. Simon aliutunga akiwa kijana. Usiku ule wote wawili walikuwa wakikaribia miaka 40. Sisi tulicheka. Miaka 70 ilikuwa mbali kama Bara Hindi kwa mtumbwi.

Baadaye tulipata habari kwamba mapatano yale hayakudumu. Walizuru nchi mbalimbali, wakaanza kurekodi albamu ya pamoja, kisha Simon akaziondoa sauti za mwenziwe na kuitoa peke yake mwaka 1983. Tuliwalaumu sana. Tulisema sisi hatungefika huko.

Tulifika. Sisi na yule aliyekuwa akileta betri tulinunua mashua kwa shirika, tukakosana katika hesabu. Huu ni mwaka wa 11 hatuamkiani, na tunaswali msikiti mmoja. Mwenye redio alihangaika baina yetu mpaka akachoka.

Mwezi uliopita tulimzika. Katika kupokezana jeneza, bega letu na bega la mwenzetu yalikutana chini ya mti mmoja. Tulitembea hatua kadhaa hivyo, hakuna aliyenena. Baada ya hitima, mjane alitukabidhi ile kaseti, akasema marehemu aliagiza tupewe sote wawili. Ni moja, nayo haigawanyiki.

Usiku mmoja haukutosha kuwapatanisha waimbaji wale. Hata hivyo, hatuwezi kusema usiku ule ulikuwa wa uongo, tuliusikia. Na mmoja wao alilazimika kukubali kwanza.

Hesabu ya mashua tumeisamehe. Kesho baada ya Alasiri tutakwenda kubisha hodi kwake, kaseti mkononi. Huenda akafungua, huenda asifungue. Tuombeeni, nanyi mlio na mlango kama huo msingoje jeneza.