Mhimili Ulioitwa Usasa: Dhidi ya Ibada ya Vijenzi Vikuu katika Uhakiki wa Fasihi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kupinga desturi ambayo imeanza kuota mizizi katika idara zetu za fasihi, nayo ni ile ya kuyachukua matokeo ya uchanganuzi wa vijenzi vikuu na kuyaweka mbele ya msomaji kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa. Hatuandiki kwa sababu tunaichukia hesabu. Tunaandika kwa sababu tumemshuhudia mhakiki akiiacha kazi yake ya kusoma na kufasiri, akaikabidhi mashine, kisha akarudi amevaa joho la sayansi ili asiulizwe swali.

Tuanze na ungamo. Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya aliketi katika jopo la kutahini tasnifu. Mtahiniwa alikuwa amehesabu maneno yanayojirudia zaidi katika riwaya kadhaa za Kiswahili, akazipitisha hesabu hizo katika programu ya takwimu, akapata grafu yenye nukta zilizojitenga kushoto na kulia. Mhimili wa kwanza aliuita "usasa". Riwaya za kushoto, alisema, ni za kijadi. Za kulia ni za kisasa. Sisi watahini tuliitazama grafu ile ukutani, tukatikisa vichwa kwa kukubali, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jina hilo limetoka wapi. Tulinyamaza kwa kuchelea kuonekana wajinga. Baadaye mwandishi alipolipitia jedwali lililokuwa katika kiambatisho, aliona kwamba maneno yaliyozivuta nukta kwa nguvu zaidi yalikuwa "wa", "ya", "za", "cha" na "vya". Riwaya za upande mmoja zilisimulia zaidi habari za watu. Za upande wa pili zilieleza zaidi vitu na mahali. Kilichoitwa usasa kilikuwa ngeli za nomino.

Kosa lile halikuwa la mwanafunzi peke yake. Lilikuwa letu tuliopaswa kuuliza. Makala haya ni swali lililochelewa.

2. Mbinu Yenyewe

Hatuna budi kwanza kuieleza mbinu hii kwa lugha ya kawaida, maana nusu ya utisho wake umo katika jina. Chukua matini hamsini. Katika kila matini hesabu ni mara ngapi yanatokea maneno mia moja uliyoyachagua. Kila matini sasa ni nukta yenye vipimo mia moja, na hakuna jicho la binadamu liwezalo kuiona nafasi ya namna hiyo. Mbinu yetu hutafuta mstari mmoja ambao nukta zikitazamwa kwa kuufuata zitaonekana zimetawanyika zaidi kuliko kwa mstari mwingine wowote. Huo ndio mhimili wa kwanza. Kisha hutafuta wa pili, ulio mraba na wa kwanza, uchukuao sehemu kubwa zaidi ya mtawanyiko uliosalia, na kuendelea.

Mtu anayelitazama jahazi kutoka omo huona kitu chembamba chenye mlingoti. Anayelitazama kutoka ubavuni huona urefu wake, foromali na tanga. Uchanganuzi wa vijenzi vikuu humwambia mtazamaji asimame ubavuni. Huo ni ushauri mwema. Lakini ni ushauri kuhusu mahali pa kusimama. Hauelezi jahazi limetoka wapi, limepakia nini, wala nahodha wake ni nani. Fauka ya hayo, ikiwa mihimili miwili ya kwanza imebeba, tuseme, asilimia 35 ya mtawanyiko wote, basi asilimia 65 haimo ukutani. Mhakiki anayeonyesha picha bila ya kulitaja fungu lililoachwa nje huwa ameficha zaidi kuliko alivyofichua.

Jambo la msingi ni hili: mhimili hautoki mashinenini ukiwa na jina. Hutoka ukiwa orodha ya namba. Jina hutiwa na binadamu, na kutia jina ni kufasiri.

3. Safari ya Mbinu na Kosa Lililosafiri Nayo

Mbinu hii haikuzaliwa katika fasihi. Karl Pearson aliieleza mwaka 1901 kama tatizo la jiometri la kutafuta mistari na bapa zinazokaribiana zaidi na kundi la nukta. Harold Hotelling aliiendeleza mwaka 1933 katika jarida la saikolojia ya elimu. Tangu hapo imeingia katika takriban kila taaluma inayohesabu, na kila ilikoingia lilitokea kishawishi lile lile: kuuchukua mhimili, kuupa jina, kisha kulisadiki jina.

Katika saikolojia, alama za majaribio mbalimbali ya akili huelekea kupanda na kushuka pamoja. Charles Spearman, aliyetumia mbinu iliyo jamaa na hii, alidai mwaka 1904 kwamba nyuma ya alama hizo kuna kitu kimoja, akili ya jumla. Stephen Jay Gould alijibu dai hilo kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu upimaji wa binadamu. Hoja yake haikuwa kwamba hesabu ilikosewa. Hoja yake ilikuwa kwamba vipimo vyovyote vinavyopanda pamoja vitatoa mhimili wa kwanza wenye nguvu, na kuwako kwa mhimili huo hakuthibitishi kuwako kwa kitu ndani ya kichwa, sembuse kitu cha kurithiwa. Watu waliwekwa katika madaraja kwa jina lililotiwa na wenye kupima.

Katika elimu ya jeni, Menozzi, Piazza na Cavalli-Sforza walichora mwaka 1978 ramani za Ulaya kwa kutumia vijenzi vikuu, wakaona mteremko kutoka kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi, wakaufasiri kuwa ni athari ya kuenea kwa wakulima wa kale. Mwaka 2008 Novembre na Stephens walionyesha kwamba miteremko na mawimbi ya namna hiyo hujitokeza kwa sababu za kihesabu tu, kila mahali ambapo watu wanaokaa karibu hufanana zaidi kuliko wanaokaa mbali. Hawakusema kwamba wakulima hawakuhama. Walisema kwamba ramani peke yake haiwezi kuwa shahidi wa uhamaji huo.

Tukija nyumbani, kuna umaskini. Filmer na Pritchett walipendekeza mwaka 2001 kwamba mali ya kaya ikadiriwe kwa vijenzi vikuu vya vitu ilivyo navyo: sakafu, umeme, redio, baiskeli, choo. Tafiti za demografia na afya, zikiwemo za Kenya, huzigawa kaya katika matabaka matano kwa faharasa ya aina hii. Faharasa za awali zilikosolewa kwa kuwa ziliegemea mji: mfugaji mwenye kundi la ngamia lakini asiye na umeme wala sakafu ya saruji alishushwa chini kabisa. Wataalamu wenyewe wakaitengeneza kwa kupima miji na mashamba kando kando kabla ya kuunganisha. Hapa kuna funzo. Mbinu haikutupwa, jina "utajiri" liliulizwa maswali, na kilichoulizwa kikarekebishwa.

Hata katika elimu ya tabianchi, ambako mjadala ulichafuliwa na siasa, utaratibu ulikuwa ni huo. Grafu ya joto la karne zilizopita iliyotolewa na Mann, Bradley na Hughes ilitumia vijenzi vikuu. Mwaka 2005 McIntyre na McKitrick waliushambulia uchaguzi wa wastani ambao kwao data ilipimwa kabla ya kuchanganuliwa. Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikubali mwaka 2006 kwamba njia ile haifai kupendekezwa, lakini likaona kuwa athari yake juu ya hitimisho kuu ilikuwa ndogo. Uamuzi mmoja uliofanywa kabla ya mashine kuwashwa ulizua ubishi wa miaka. Sisi hatujabishania hata mmoja wa maamuzi yetu.

4. Kiswahili Hakikubali Kuhesabiwa kwa Kuazima

Katika fasihi ya Kiingereza mbinu hii imefanya kazi ya kuheshimika. J. F. Burrows alionyesha mwaka 1987 kwamba maneno madogo ya kawaida huweza kutofautisha usemi wa wahusika wa Jane Austen. José Binongo alichunguza mwaka 2003 kitabu cha 15 cha hadithi za Oz, kilichotolewa mwaka 1921 kwa jina la L. Frank Baum, aliyekuwa amefariki mwaka 1919, na nukta zake zikaangukia upande wa Ruth Plumly Thompson. Hatuna ugomvi na matokeo hayo. Lakini tuyatazame masharti yake: watuhumiwa wawili tu, kila mmoja ana vitabu vingi, utanzu ni mmoja, lugha ni moja, na matini zimechapishwa katika zama za waandishi wenyewe.

Sasa tuje kwetu. Kwanza, neno ni nini? Katika Kiingereza nafsi, ukanushi na urejeshi huweza kusimama kama maneno pekee, na ndiyo yanayohesabiwa kwa sababu mwandishi huyatumia bila ya kufikiri. Katika Kiswahili hivyo vyote vimo ndani ya kitenzi. "Sikumwona" ni neno moja kwa mashine na sentensi kamili kwa msomaji. Neno dogo lililobaki huru, kihusishi cha "-a", hubadilika kwa ngeli: "mtoto wa", "kitabu cha", "nyumba ya", "vitabu vya". Kwa hiyo anayehesabu "vya" hapimi mtindo. Anapima mambo yanayozungumzwa. Hilo ndilo lililotupata katika jopo lile. Mtu akisema atazijumlisha aina zote za "-a" kuwa moja, tutamwambia vyema. Lakini ajue kwamba amekwisha kuwa mwanaisimu kabla ya kuwa mwanatakwimu, na uamuzi huo autetee.

Pili, ushairi una arudhi zake. Mshairi anayetafuta mizani minane huandika "alokuja" mahali pa "aliyekuja". Mashine huona maneno mawili tofauti, nasi tunaona mtu mmoja mwenye ukwapi wa kujaza. Zikitiwa tenzi na mashairi katika grafu moja, mhimili wa kwanza huenda ukatenganisha bahari na bahari, si mtunzi na mtunzi.

Tatu, matini zetu kongwe zimepita mikononi mwa wengi. Muyaka wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilihifadhiwa vinywani na katika hati za Kiarabu. Mwalimu Sikujua alizikusanya, W. E. Taylor akazipokea, na William Hichens akazichapisha kwa hati za Kirumi mwaka 1940. Kati ya kifo cha mtunzi na kitabu kuna karne nzima. Mnakili aliyeandika "ndia" na mhariri aliyependelea "njia", aliyeandika "nti" na aliyesahihisha kuwa "nchi", wote wameacha alama zao. Mtu akituletea grafu akisema shairi fulani si la Muyaka kwa kuwa nukta yake imekaa mbali, tutamwuliza: mbali na Muyaka, au mbali na Hichens? Na ikiwa hawezi kujibu, basi amrudishie mzee wa watu shairi lake. Kumnyang'anya mtunzi utungo ni jambo zito. Halifanywi kwa nukta.

5. Kwa Wale Wanaokataa Hesabu Kabisa

Huenda baadhi ya wenzetu wamefurahi kufika hapa, wakidhani tumewaunga mkono wao wasemao kwamba namba hazina nafasi katika fasihi. Tunawakatalia. Malenga wetu walihesabu mizani kabla ya idara zetu kuundwa, na Amri Abedi alipoziandika sheria za utungaji mwaka 1954 aliandika, kwa sehemu kubwa, juu ya kuhesabu na kupanga. Mgogoro wa ushairi uliotugawa ulikuwa juu ya uzito wa hesabu hiyo. Hakuna aliyeiona kuwa ngeni.

Aidha, kukimbia ndiko kulikotufikisha kwenye ukimya wa jopo. Mhakiki asiyejua kusoma jedwali hawezi kumzuia anayelitumia vibaya. Kazi ya kutia majina, kuuliza jina linaficha nini na linamnufaisha nani, ndiyo kazi tuliyofunzwa. Wanasaikolojia na wanajeni walihitaji miongo kadhaa kugundua kwamba mihimili yao ilikuwa imefasiriwa. Sisi tulipaswa kulijua hilo tangu siku ya kwanza.

6. Hitimisho

Tunapendekeza basi kwamba tasnifu yoyote ya fasihi itakayotumia mbinu hii itimize mambo manne. Ieleze imehesabu nini, na kwa nini kitu hicho kihesabiwe katika Kiswahili. Itaje kiasi cha mtawanyiko kilichoachwa nje ya picha. Ionyeshe kwamba mpangilio unabaki pale matini moja au mbili zinapoondolewa. Na jina la kila mhimili litetewe kwa kurudi kwenye kurasa zenyewe, kwa mifano, kama inavyotetewa fasiri nyingine yoyote. Watahini nao wakubali kuuliza, hata kama swali litawaaibisha.

Yule mtahiniwa alifaulu. Ni msomaji mzuri, na huenda angeugundua mwenyewe ule uzito wa ngeli kama mmoja wetu angemwomba afungue kiambatisho. Hatukumwomba.