Mama, mkono wako ndio uchague kisahani (Sehemu ya 4)

Wengi mlioko Marekani mnaniuliza inboksi: "Nesi, kile kisahani cha kumalizia ninunue kipi?"

Kwa wageni: gofu ya visahani ni kurusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Kikapu hicho alikibuni Ed Headrick huko California miaka ya 1970. Viwanja vingi viko kwenye bustani za umma na havina kiingilio, ndiyo maana naupenda kwa familia changa. Kisahani cha kumalizia ndicho cha mita 10 za mwisho.

Msimamo wangu: usinunue kwa sababu bingwa anakitumia, wala kwa sababu muuzaji kasema "hiki cha kina mama." Kwanza angalia mkono wako unarushaje.

1. Wanaozungusha. Kifundo cha mkono kinafyatuka, kisahani kinazunguka sana na kwenda karibu mstari ulionyooka. Kikikosa, kinapitiliza mbali. Hawa wanafaa kisahani kisichoelea sana, kinachotulia hata kikirushwa kwa nguvu.

2. Wanaosukuma. Kifundo kinatulia, nguvu inatoka kwenye miguu na mkono mzima. Kisahani kinapaa kidogo na kushuka taratibu. Kikikosa, kinaanguka jirani. Hawa wanafaa kinachoelea vizuri na kisichokata kona mapema, maana kinakwenda polepole.

Utajuaje dukani? Visahani vingi vina namba nne. Ya pili ni kuelea: ikiwa kubwa, kinakaa hewani zaidi. Ya nne ni kukata kona mwishoni: 0 au 1 maana yake kinamaliza karibu na mstari.

Sasa niongee kama nesi. Mama mwenye mtoto mchanga, ukisikia maumivu ya kifundo upande wa kidole gumba, mara nyingi ni kano zilizochoka kwa kumnyanyua mtoto kutwa nzima. Mtindo wa kufyatua kifundo utakuongezea maumivu. Wewe anza na kusukuma. Na kama hata kumnyanyua mtoto kunauma, kisahani kisubiri, nenda ukaonwe hospitali.

Halafu kishike. Ukingo mnene unachosha vidole vifupi. Ukilazimika kukibana ndiyo kisidondoke, kirudishe. Watu wazima wengi hutumia gramu 170 hadi 175, lakini mtoto mpe cha gramu 150 au chini. Plastiki ya bei ya chini, ile laini kidogo, kwa kawaida inashikika vizuri zaidi mkononi na kwenye minyororo kuliko ile ya kung'aa ya bei ghali. Hapo mfuko wako unapona. Nunua viwili vinavyofanana kabisa, ufanyie mazoezi nyumbani.

Wapo wanaosema, "Chochote kinafaa, cha muhimu mazoezi." Kweli mazoezi yanashinda plastiki, sibishi. Lakini nani anafanya mazoezi na kitu kinachomuumiza? Nimeona familia nyingi: baba anarusha, watoto wanarusha, mama amebeba mfuko na chupa ya maziwa. Siyo kwamba hapendi. Alipewa kilichobaki, mkono ukauma, akasema mchezo huu siuwezi. Jamani, mama naye ana mwili unaohitaji kutembea, kupumua na kucheka na wanawe.

Kwa hiyo baba, ukienda dukani usimletee mama zawadi ya kushtukiza. Nenda naye, mshikie mtoto, yeye ajaribu vitano sita kwa mkono wake mwenyewe.

Sehemu ya 5 tutaongelea viatu na nyasi zenye kupe.